Jumuiya ya walezi wa dakhalia: kwa nini kila mtu anaukimbia uenyekiti?

Mshikafunguo (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum wanabaraza.

Kuna jambo linanikera, na leo nataka tulizungumze wazi. Sisi tunaofanya kazi kwenye dakhalia (mabweni) za vyuo na skuli, Unguja na Pemba, tuna jumuiya yetu. Matroni, patroni, wagawaji vyumba, wasimamizi wa majengo, mpaka wapishi na walinzi wa getini. Katiba ipo, muhuri upo. Mwenyekiti kamaliza muda wake, mkutano mkuu ukaitishwa, ukaahirishwa, ukaitishwa tena, na mpaka leo hakuna aliyechukua fomu. Watu hao hao ukikaa nao kwenye chai ya saa nne wana mawazo ya kuendesha wizara nzima.

Dai langu ni hili. Tokea mwanzo tumezoea kumpa uenyekiti mwenye cheo kikubwa kazini kwake, meneja wa makaazi au mlezi mkuu wa wanafunzi, kwa sababu ana gari, ana ofisi na akipiga simu inapokelewa. Lakini mtu huyo halali dakhalia. Ajenda zinakuwa za bajeti na ukarabati, na anayekesha na mwanafunzi mwenye pumu hajisikii kama jumuiya ni yake. Ndiyo maana wanakaa kando. Mie naona mwenyekiti ajaye atoke kwa wanaolala humo humo.

Mnasemaje?

Bi_Tunguu

Waalaykum salaam. Mie nalala humo humo, na nakwambia mapema: sitaki.

Nisikilize kwanza usinune. Magharibi naita majina. Saa nne geti linafungwa, na kila siku wapo wawili watatu wanaokuja mbio na visingizio vya gari za abiria. Saa sita mmoja tumbo linamkata, namchemshia maji, namwangalia kama ni la kawaida au la kupeleka hospitali. Saa nane usiku ndipo maji ya mfereji yanapotoka, na pampu yetu ukiiwasha lazima usimame hapo hapo, maana tangi likijaa linamwagika na yale maji yanateremka mpaka kwenye chumba cha umeme. Nikilala ni saa kumi alfajiri, mara adhana.

Halafu uniambie kikao Jumamosi saa tatu asubuhi, mjini. Nani anashika funguo zangu? Mwajiri hana mtu wa akiba. Nikitoka, jengo zima halina mtu mzima.

Kwa hiyo usinambie watu wanaogopa uongozi au hawaipendi jumuiya. Muda wenyewe haupo.

Kojani_Asili

Nyote wawili mnazungumza kama jumuiya ni ya Tunguu na Vuga.

Huku Pemba dakhalia zipo. Skuli ya Fidel Castro pale Vitongoji ina wanafunzi wa kulala, na chuo kikuu cha taifa kina kampasi huku. Walezi tupo, ada tunalipa. Lakini vikao vyote Unguja. Mtu wa Wete akitaka kuhudhuria, alfajiri ateremke mpaka Mkoani, apande boti, afike Malindi, atafute pa kulala, arudi kesho yake. Nauli yake, chakula chake, na siku mbili za ruhusa kwa mkuu wake wa kazi. Halafu akifika anakuta mambo yameshapangwa tokea usiku kwenye kundi la simu la watu wa Unguja.

Ufanyeni mkutano mkuu Chake hata mara moja tu, muone fomu zitakavyochukuliwa.

Ndimu_Kali

Kojani, wewe kila uzi lazima ulete boti. Uzi wa karafuu, boti. Uzi wa mpira, boti. Leo dakhalia, boti 😂

Kojani_Asili

Boti ipo kwa sababu bahari ipo. Ikikauka nitanyamaza.

Hati_na_Muhuri

Salaam. Niongeze upande wa sheria, kwa sababu naona mwanzisha uzi kaweka watu wote kwenye kapu moja.

Jumuiya ya kitaaluma ni kitu kimoja na chama cha wafanyakazi ni kitu chengine. Jumuiya zetu nyingi za zamani zilisajiliwa kwa Mrajis (msajili) chini ya Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya 1995. Kazi yake ni kukuza taaluma, kutoa mafunzo, kubadilishana uzoefu, kushauri. Chama cha wafanyakazi kinakwenda kwa Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005, na hicho ndicho chenye nafasi ya kukaa meza moja na mwajiri kujadili mishahara na masharti ya kazi. Vyama vya namna hiyo ndivyo vilivyokusanyika chini ya ZATUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar.

Sasa jumuiya yenu mmechanganya mlinzi aliyeajiriwa na kampuni ya ulinzi, mpishi wa mzabuni wa chakula, matroni wa serikali na meneja wa chuo binafsi. Mwenyekiti akisimama, kila mmoja anamtaka jambo lake. Matroni anataka posho ya usiku, meneja anataka mafunzo ya usalama wa moto, na mwajiri akisikia neno posho anaona huyu ni mchochezi. Nani atakubali kukaa hapo katikati?

Kwa maoni yangu watu wanaogopa, na hofu yao ina sababu.

Sauti_ya_Bwenini

@Hati_na_Muhuri umenigusa khasa.

Niliwahi kuwa katibu wa kamati. Sitasema ilikuwa wapi. Tuliandika barua ya heshima kabisa kwa mwajiri mmoja, kuomba kwamba mlezi wa usiku asiwe peke yake kwenye jengo la ghorofa tatu. Posho hatukuitaja. Tuliomba mtu wa pili tu, kwa sababu kukitokea moto juu na mwenye funguo yuko chini, mambo yanakuwa makubwa.

Barua ikajibiwa kwa kuitwa ofisini. Nikaulizwa nimetumwa na nani. Nikasema nimeandika kwa niaba ya jumuiya. Nikaambiwa, "Jumuiya haijakuajiri." Mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa. Sababu niliyopewa ni nyengine, na sina ushahidi wa kuipinga. Lakini wenzangu walihesabu moja na moja, na tokea hapo hata kushika kalamu kwenye kikao kuandika muhtasari watu wanapeana kama chungu cha moto.

Bi_Tunguu

Pole sana mdogo wangu. Hiyo ya mlezi mmoja kwa jengo zima ipo mpaka leo, na si kwenu tu.

Maalim_Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote kwa makini. Nami niliwahi kuwa patroni, zamani, nikiwa mwalimu wa skuli ya kulala. Siku hizo hapakuwa na mtu aliyeajiriwa kuwa patroni. Ulikuwa mwalimu, ukapewa nyumba karibu na dakhalia, na wanafunzi wakawa juu yako. Vyuo vikuu vyetu wenyewe visiwani havikuwapo. Ukisema dakhalia ni ya skuli, au ya chuo cha ualimu kama Nkrumah.

Mambo yamegeuka tokea vyuo vikuu kufunguliwa. Sasa anaajiriwa mtu kwa kazi hii tu. Lakini hakuna aliyeisomea. Mmoja kasomea ualimu, mwengine uuguzi, mwengine kamaliza kidato cha nne na ana busara zake. Kila mmoja anaiona kama kituo cha kusubiria gari, likija gari lake apande.

Sasa nani atasimama kuongoza taaluma ambayo wenyewe hawajaiona kuwa ni taaluma? Mie naliona tatizo liko hapo, kabla ya boti na kabla ya posho.

Ndimu_Kali

Maalim shikamoo. Vyuo vikuu si vilianza 2001 na SUZA, chuo kikuu cha taifa?

Maalim_Mstaafu

Marahaba. SUZA sheria yake ni ya 1999, na masomo yakaanza 2001. Lakini kabla yake, 1998, kilikuwapo Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, na kile chuo cha elimu cha Chukwani ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Vijana msivisahau hivyo viwili.

Ndimu_Kali

Ahsante Maalim, nimepata.

Mzungukaji_95

Salaam nyote. Nilisoma Marekani, na nikiwa huko nilifanya kazi dakhalia. Huko chuo kinamchukua mwanafunzi wa miaka ya juu, kinampa chumba na malipo kidogo, yeye anakuwa msimamizi wa wenzake kwenye ghorofa yake. Juu yake yupo mfanyakazi wa kudumu anayeishi jengo hilo hilo, na huyo mara nyingi ana shahada ya pili ya mambo ya wanafunzi. Maalim kasema kweli, wenzetu kazi hii inasomewa.

Jumuiya yao kubwa inaitwa ACUHO-I, makao yake Columbus, Ohio. Ilianza 1944 baada ya askari kurudi vitani na vyuo kujaa.

Kilichonivutia ni namna wanavyopanga uongozi. Rais wa jumuiya ni mtu wa kujitolea. Anabaki na kazi yake chuoni kwake. Kazi za kila siku, barua, hesabu, kupanga mikutano, zinafanywa na ofisi yenye wafanyakazi wa kulipwa. Na kabla ya kuwa rais unakuwa rais mteule kwanza, unakaa pembeni ya aliyepo, unajifunza. Ukimaliza urais unabaki kwenye bodi kama rais aliyepita. Kwa hiyo hakuna anayetupiwa mzigo siku moja akaambiwa haya, beba.

Pembezoni

@Mzungukaji_95 maelezo mazuri, ila mwaka rekebisha. 1944 ni mwaka wa ile sheria ya Marekani ya kuwasomesha askari waliotoka vitani. Vyuo vikajaa baada ya vita, watu wakalazwa mpaka kwenye mabanda ya jeshi na kumbi za michezo. Waliokuwa wakisimamia makaazi wakakutana kwa mara ya kwanza 1949, Chuo Kikuu cha Illinois. Jumuiya ikazaliwa kutokana na mkutano huo.

Na si ya Wamarekani peke yao. Ile herufi ya mwisho ni ya kimataifa, na Afrika Kusini wana tawi lao wanaloliendesha wenyewe. Hao wapo karibu na sisi zaidi kwa shida. Maandamano ya wanafunzi, vyumba haba, wanaolala wawili kitanda kimoja. Mkitaka wa kujifunza kwao, anzieni hapo.

Mzungukaji_95

Sawa kabisa, 1949. Shukrani.

Hati_na_Muhuri

Tazameni lakini walichoanza nacho. Walikuwa na dhiki moja inayowauma wote, vyumba havitoshi. Wakakutana kuulizana wewe umefanyaje. Hawakuanza na muhuri na uchaguzi.

Zainabu_wa_Hesabu

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa mshika fedha na nikijua uzi huu utafika kwenye pesa. Mwanzisha uzi hakuitaja kabisa, na mie naona ndiko kwenye mzizi.

Ada ya mwezi watu hawalipi. Wanalipa lini? Mtu akifiwa. Akifiwa analeta malimbikizo yote kwa mkupuo ili apate mkono wa jumuiya. Harusi vile vile. Kidogo kidogo jumuiya ya taaluma ikawa ya kufa na kuzikana. Sisemi ni vibaya kuzikana, sisi ni watu na dini yetu inatuelekeza. Lakini kwenye daftari langu nikitazama matumizi, sanda, ubani, gari la mazishi, mchele. Mafunzo, hakuna. Safari ya kwenda kutazama dakhalia ya wenzetu, hakuna.

Sasa mwenyekiti wa jumuiya ya namna hiyo kazi yake ni nini? Kazi yake ni kuchangisha. Simu yake ikilia saa tano usiku ni msiba. Na akikosea kumpa mmoja zaidi ya mwengine, maneno hayaishi mpaka Idi. Watu wanaukimbia huo, si uongozi wa taaluma. Uongozi wa taaluma hawajauona bado.

Kojani_Asili

Dada Zainabu, hapo tutatofautiana. Huo mkono wa msiba ndio pekee uliofika Pemba. Mama yangu alipofariki jumuiya ilinifikia, na tokea siku hiyo sijakosa kulipa. Ukiuondoa, mimi nimebaki na nini? Mafunzo ya Unguja nisiyoweza kwenda?

Zainabu_wa_Hesabu

Allah amrehemu. Sijasema uondolewe. Nasema utengewe mfuko wake, na kamati yake, na mwenyekiti asiwe ndiye mchangishaji. Tena mfuko huo mngeweza kuufanya ushirika kamili wa kuweka na kukopa.

Ndimu_Kali

Basi wote mhamie ushirika, Mrajis mmoja, mambo kwisha.

Hati_na_Muhuri

Hapana Ndimu, ushirika una mrajis wake na sheria yake. Ukichanganya akiba za watu na ada za jumuiya kwenye akaunti moja, mkaguzi atakukalisha.

Mama_Swabra

Hamjambo. Nasoma nasoma, hakuna aliyelisema, acha niliseme mie.

Matroni ndio tumeibeba jumuiya hii. Dakhalia nyingi ninazozijua za wasichana ndizo zenye walezi wa kulala, za wavulana mara nyingi anawekwa mlinzi tu. Kwenye vikao tukija ni sisi tunaopanga viti na chai. Lakini ukisikia jina la kugombea, linatajwa la mwanamme. Mwanamke akitajwa, suali la kwanza, "mumewe atamruhusu kusafiri?" Suali hilo mwanamme haulizwi.

Mie mume wangu hana neno. Lakini nilipotajwa, alikuja mzee mmoja wa heshima nyumbani, akazungumza na mume wangu sebuleni kwamba kazi hii itaniharibia nyumba. Mume wangu akamjibu vizuri. Ila mie jina nikaliondoa, kwa sababu sikutaka nyumba yangu iwe mada ya kikao.

@Mshikafunguo unasema mwenyekiti atoke kwa wanaolala dakhalia. Wanaolala dakhalia wengi ni wanawake. Useme basi kwa jina lake.

Mshikafunguo

Mama Swabra, ahsante kwa kulisema. Nakubali, na nalisema kwa jina lake: nataka mwenyekiti ajaye awe matroni.

Ila majibu ya Bi Tunguu bado yananisumbua. Tukimpata matroni, funguo nani atashika?

Maalim_Mstaafu

Hilo la mwanamke mnaliongea kama jipya. Mabibi walioendesha skuli za wasichana visiwani hapa waliongoza watu wazima na watoto, na nyumba zao hazikuharibika.

Sauti_ya_Bwenini

Kwa heshima Maalim, walikuwa na cheo cha ualimu mkuu nyuma yao. Matroni wa mkataba wa mwaka mmoja hana kitu nyuma yake.

Pakacha

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Muhula unafunguliwa na magodoro yana kunguni. Nimeyaanika juani wiki nzima, yakirudi ndani wamo. Mnafanyaje?

Bi_Tunguu

Godoro sio tatizo, kitanda ndicho. Hivyo vitanda vya chuma vya juu na chini, fungua maungio, tazama ndani ya bomba na kwenye tundu za misumari ya kubana. Ndimo wanamotagia. Mie natumia maji yanayochemka kwenye buli, namimina kwenye kila tundu, halafu napaka rangi upya. Na mbao za kitandani zitolewe zote, moja moja.

Pembezoni

Bi Tunguu yuko sawa. Joto likipita nyuzi 50 linawaua, mayai pia, lakini jua la kuanika halifikishi joto hilo ndani ya godoro. Ukilifunga godoro kwenye nailoni nyeusi ukalaza juu ya saruji mchana kutwa utapata matokeo kiasi, ingawa la sponji nene katikati halishiki moto. Na msitegemee kufunga chumba wakati wa likizo ili wafe njaa. Kunguni anakaa miezi bila kula.

Pakacha

Miezi?! Basi mie nilikuwa nawafungia likizo ya Idi nikijua nimewamaliza.

Mama_Swabra

Na msiwaseme wanafunzi mbele ya wenzao kwamba fulani ndiye kaleta. Niliona binti kaacha chuo nusu muhula kwa aibu ya jambo hilo. Wakague mabegi yote siku ya kupokea, ya wote, bila kubagua, kabla hawajapanda ghorofani.

Hati_na_Muhuri

Ona sasa. Dakika chache tu mmetoa elimu ambayo jumuiya haijaitoa tokea kusajiliwa. Hakuna mwenyekiti, hakuna akidi, na Pakacha kapata jibu.

Ndimu_Kali

Kwa hiyo kunguni awe mwenyekiti 😂

Kojani_Asili

Akija Pemba atapanda boti kama wenzake.

Mzungukaji_95

Turudi. Naona Hati kataka kusema kwamba labda mwenyekiti hahitajiki sana. Sikubaliani. Elimu ya kunguni imepatikana hapa kwa sababu waliopo wana simu na kifurushi. Matroni wa skuli ya ndani ya shamba hayupo kwenye uzi huu. Na nani atamwandikia mwajiri kuhusu mlezi mmoja kwa ghorofa tatu? Uzi hauandiki barua.

Kazi inakua pia. IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, wamefungua kampasi hapa 2023 na wanafunzi wanatoka nchi mbali mbali. Kila chuo kinachokuja kinataka makaazi, na wasiokuwa na dakhalia zao wanapangishiwa nyumba za watu mitaani. Nyumba hizo zina walezi ambao hata mkataba hawana. Asipokuwapo mtu wa kuwazungumzia kwa jina la taaluma, kila mwenye nyumba ataweka kanuni zake.

Sauti_ya_Bwenini

Na mtu huyo akizungumza, nani atamlinda? Ndiyo suali langu tokea juu, hakuna aliyelijibu. Rais wa hao wa Columbus chuo chake kinamuunga mkono, kinaona ni sifa mtu wao kuongoza. Hapa kwetu ni kesi.

Mzungukaji_95

Ni kweli. Huko mwajiri anampa muda, na mara nyengine anamlipia safari. Hilo sikulisema na lilistahiki kusemwa.

Zainabu_wa_Hesabu

Basi mlianze hapo. Kabla ya kuchukua fomu, kamati iwaandikie wakuu wa vyuo na skuli zote zenye wanachama, iwaombe kwa maandishi wakubali mambo mawili: mwanachama akichaguliwa apewe siku ya kikao, na siku hiyo funguo zishikwe na mtu wa ofisi. Atakayekataa tutamjua, atakayekubali watu wake ndio wagombee.

Bi_Tunguu

Zainabu, ukinipatia barua hiyo na sahihi ya mkuu wangu, tutazungumza tena. Sijasema ndiyo. Nimesema tutazungumza.

Mama_Swabra

Nimelisikia hilo Bi Tunguu, na nimelihifadhi.

Maalim_Mstaafu

Barua ni nzuri lakini mtawapa wakuu wa vyuo ufunguo wa kuchagua nani agombee. Mkuu asiyemtaka mtu wake hatatia sahihi. Mtakuwa na viongozi waliopendwa na waajiri tu.

Zainabu_wa_Hesabu

Kwani sasa hivi tunao waliopendwa na nani, Maalim? Hatuna kabisa.

Kojani_Asili

Mie nina pendekezo na sitaitaja boti. Uenyekiti upokezane. Muhula mmoja Unguja, muhula mmoja Pemba, na makamo atoke kisiwa cha pili. Makamo ndiye mwenyekiti ajaye, kama hao wa rais mteule. Mkutano mkuu unafuata aliko mwenyekiti.

Hati_na_Muhuri

Kupokezana kunahitaji kubadilisha katiba, na kubadilisha katiba kunahitaji mkutano mkuu wenye akidi. Kwa hiyo lazima ule wa kwanza upatikane kwanza kwa kanuni za sasa.

Kisomeni kifungu cha akidi. Kama kinataka nusu ya wanachama wote walioandikwa, hamtoipata Chake wala mjini, kwa sababu kwenye daftari wamo watu walioacha kazi, waliohama, na marehemu. Lisafisheni daftari mwanzo. Aliyekwisha kutoka kwenye kazi hii atolewe kwa utaratibu wa katiba, hesabu ya nusu itashuka. Na muulize ofisi ya Mrajis fomu na masharti ya sasa, msitegemee makaratasi ya zamani.

Mshikafunguo

Daftari liko wapi? Mie sijaliona tokea katibu abadilike.

Zainabu_wa_Hesabu

Nakala ya wanaolipa ninayo mie. Daftari kuu analo katibu wa zamani, na yeye sasa yuko zamu ya usiku Mbweni. Mchana hapokei simu, analala.

Bi_Tunguu

Namjua, ni jirani wa shangazi yangu. Kesho baada ya Adhuhuri naenda huko kwa ajili ya khitma, nitampitia. Nikilipata nalipiga picha kurasa zote naziweka hapa. Kojani, wewe anza kuniandikia majina ya walezi wa Pemba unaowajua kwamba wapo kazini kweli, skuli kwa skuli.

Kojani_Asili

Micheweni na Wete ninayo. Mkoani na Chake nipe mpaka Ijumaa.